Wanataka nilale kituoni na mtoto wiki mbili

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini, Kondoa. Kitindamimba wangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Alizaliwa bila kulia, akawekewa oksijeni. Hadi leo hakai mwenyewe, miguu imekakamaa na inapishana kama mkasi, na uji unampalia. Ameshapata degedege na yuko kwenye dawa, ila mama mkwe anataka tuziache anyweshwe kombe, yale maji ya aya za Qurani. Hospitali ya wilaya wamesema ni mtindio wa ubongo. Nesi ametuelekeza kituo cha utengamao (tiba na mazoezi kwa wenye ulemavu) cha masista, lakini wanataka niende nikalale naye wiki mbili. Mume wangu hataki, sisi ni Waislamu, anasema watambatiza. Jirani naye katuambia kuna nyumba nyingine ya dini inayochukua watoto moja kwa moja, bure, mzazi anarudi kwenye shughuli zake. Nina shamba la alizeti na hawa wengine wawili wa kuangalia. Twende wapi? Atatembea? Na shemeji yangu, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa ajali ya bodaboda na huu mwezi wa tatu yuko ndani tu, huko wanaweza kumsaidia?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na lile uliloliona usumbufu, hizo wiki mbili.

Kituo kinachokwambia uje na mwanao ukae naye kimeuelewa ugonjwa wake. Nyumba inayokwambia umwache uende zako haijauelewa, hata iwe na watu wema kiasi gani na vyandarua vipya kila kitanda. Nimefanya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, miaka 19, na 11 kati ya hiyo nimeifanya kwenye kituo cha kanisa. Mzazi akiniomba nimchagulie mahali, siulizi wana mashine gani. Nauliza: mama anafundishwa nini hapo, na kwa siku ngapi?

Piga hesabu mwenyewe. Mtaalamu mzuri atamshika mwanao dakika 40 kwa siku, akijitahidi sana saa nzima. Muda uliobaki mtoto analishwa, anabebwa, anaogeshwa, analazwa. Akibebwa vibaya mara kumi kwa siku, zile dakika 40 zimekwenda na maji. Ukijua wewe kumbeba, kumkalisha na kumlisha, basi anatibiwa kutwa nzima na wala hajui kama anatibiwa. Masista hawakuiti ukawasaidie kufua. Wanakuita kwa sababu mtaalamu wa mazoezi wa huyo mtoto ni wewe, wao watakufundisha tu.

Najua jirani yako hakukusudia ubaya. Wazo la kumkabidhi mtoto kwa wamisionari akarudi ametengenezwa lina asili yake, na asili hiyo ni polio. Vituo vingi vya dini katika nchi zetu vilianza wakati ambao watoto waliojaa wodini walikuwa wa polio. Gatagara kule Rwanda ilianzishwa na padri mwaka 1960, na Jeshi la Wokovu wakawa na Joytown huko Thika na Shule ya Matumaini pale Dar es Salaam. Mtoto wa polio ubongo wake haukuguswa. Mguu umelegea, lakini anasema, anacheka, anaelewa kila kitu. Alihitaji upasuaji, vyuma vya miguu, magongo, na shule iliyo karibu na karakana, kwa maana akirefuka vyuma vinabadilishwa. Kumlaza bwenini miaka mitano sita kulikuwa na mantiki, na wengi wao leo ni walimu, mafundi na wanasheria. Kisha chanjo ikafanya kazi yake, mpaka Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeondokana na kirusi pori cha polio. Vitanda havikubaki vitupu. Vikajaa watoto kama wako, wa mtindio wa ubongo, na wale wa mgongo wazi na kichwa kikubwa. Hawa wana mahitaji tofauti kabisa. Vituo vilivyolitambua hilo vilipunguza mabweni vikajenga vyumba vya mama na mtoto, vikaanza na kuwafuata watu vijijini. Visivyolitambua vipo bado, vinapokea watoto kama zamani.

Nimewahi kumpokea mtoto aliyeishi miaka mitatu kwenye nyumba ya namna hiyo, sitaitaja. Alikuwa msafi, ameshiba, nguo zimepigwa pasi. Magoti yalikuwa yamejikunja na hayakunyooka tena hata kwa mkono wa taratibu, kwa kuwa kutwa alikuwa akilazwa upande mmoja. Mama yake alipomwita jina hakugeuka. Alimgeukia yule mfanyakazi wa usiku. Hakuna aliyemtesa. Walikuwa walezi wawili kwa watoto 20 na zaidi.

Sisemi bweni ni baya siku zote. Mtoto wa mguu kifundo, aliyezaliwa wayo umepinda kwa ndani, anayefungwa hogo (plasta ngumu) kila wiki, akibadilishiwa mara tano hadi nane, na kwao ni mbali, atalala kituoni, na mara nyingi mama yuko naye. Aliyenyooshwa mifupa kwa upasuaji atabaki hadi apone. Kule kaskazini, upande wa Meru na Arusha ambako maji na magadi yana floridi nyingi, matege makali yamewapeleka watoto wengi kwenye vituo kama kile cha Kanisa Katoliki Monduli, na kukaa huko miezi si jambo la ajabu. Kijana wa miaka 17 anayejifunza useremala au ushonaji kwenye chuo cha Walutheri pale Usa River, huyo lazima akae. Lakini mtoto wa miaka miwili wa mtindio wa ubongo, hapana.

Sasa hili la mumeo. Usimcheke na usimpuuze, ni haki yake kuuliza. Mimi mwenyewe ni Mwislamu na nimefanya kazi chini ya msalaba ukutani miaka yote hiyo 11, kwa hiyo nitakwambia lilivyo bila kupamba. Utasikia nyimbo asubuhi. Kabla ya kazi kuanza kuna sala fupi, na kabla ya chakula mtu ataomba. Mwanao akianza kusema, usishangae akija na wimbo wa kanisani, watoto huokota chochote chenye mdundo. Niliswali ofisini kwangu, na Ramadhani mpishi alituwekea daku, mimi na wagonjwa waliokuwa wakifunga, bila kuombwa. Hakuna aliyeniuliza dini ya mgonjwa kabla ya kumhudumia, isipokuwa ile sehemu ya fomu inayotaka kujua nani aitwe mgonjwa akizidiwa.

Kuhusu ubatizo, sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe inataka angalau mzazi mmoja aridhie kabla mtoto mdogo hajabatizwa. Ila wameacha nafasi ya kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa hata bila ridhaa ya wazazi, na kwa sababu hiyo nasema mumeo asibaki nyumbani akinung'unika. Aende. Siku ya kupokelewa akae mbele ya sista msimamizi, aseme kwa adabu: sisi ni Waislamu, mtoto asibatizwe kwa hali yoyote, na likitokea la kutokea tupigiwe simu. Ombeni iandikwe kwenye faili. Kituo kinachojiheshimu kitaandika mbele yenu. Kikianza kuzungukazunguka, mmeshajua, chukueni mtoto mrudi, nami sitawalaumu. Nawahi kusema kwamba katika miaka yangu sijaona mtoto wa Kiislamu akibatizwa kwa siri.

Ile nyumba nyingine mwulizeni maswali hayohayo. Watu huogopa dini ya mwenye kituo, wakasahau kuuliza kama ana mtaalamu hata mmoja.

Utaniuliza tena, atatembea? Kwa maandishi tu siwezi kukuahidi wala kukukatisha tamaa, ila nitakupa kipimo tunachotumia. Mtoto wa mtindio wa ubongo akiweza kukaa mwenyewe anapofika miaka miwili, mara nyingi hutembea baadaye, hata kama ni kwa magongo. Akifika minne bado hakai, kutembea huwa nadra. Mwanao yuko katikati, mlango wa kwanza umeshafungwa na wa pili bado haujafungwa. Kwa hiyo lengo la mwaka huu liwe kukaa. Ukifika usiwaulize atatembea lini, waulize tufanye nini akae. Na waombe waziangalie nyonga zake, ikibidi kwa eksirei, kwa sababu miguu inayopishana kama mkasi huivuta nyonga taratibu mpaka inatoka mahali pake, na nyonga iliyotoka humuuma mtoto asiyeweza kusema kuwa anaumwa.

Jeraha la ubongo lilitokea mara moja, yaelekea siku ile aliyokosa hewa, na haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili: misuli inayokaza kila siku hufupika, mgongo hupinda, kifua hubanwa. Hapo ndipo tuna kazi. Hapo pia mama mkwe aelezwe kwamba si mkosi wala kulipizwa. Mnyamazishe kwa heshima kwa kumkumbusha Ibn Umm Maktum, yule kipofu aliyekuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal. Yeye hakuwa mkosi kwa mtu.

Usisubiri safari, yapo mambo unayoweza kuanza leo. La kwanza na la haraka kuliko yote ni kula, kwa sababu watoto hawa huniponyoka kwa kifua kabla sijamaliza habari ya miguu. Ukimlisha amelala chali, uji unaingia kwenye njia ya hewa. Mkalishe wima mapajani, kichwa kiwe katikati na kidevu kimeinama kidogo, kisiangalie dari. Uji uwe mzito wa kushikamana na kijiko, kijiko kiwe kidogo, umpe pembeni mwa mdomo, usubiri ameze ndipo uongeze. Usimwinamishe kichwa nyuma ili ushuke. Akikohoa kila mlo, sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa, au kifua kikamrudia kila mwezi, waeleze kituoni siku ya kwanza, usingoje waulize.

Kubeba, hapo mila yetu imetutangulia. Mtoto wa miguu ya mkasi akifungwa mgongoni kwa kanga, mapaja yakapanuka yakikukumbatia kiuno, amepata zoezi ambalo huko ng'ambo wanalinunulia vifaa. Mbebe hivyo ukienda kisimani. Ninachokataza ni kumbeba mikononi kama mtoto mchanga, amenyooka miguu imebanana, kwa sababu ndivyo anavyozidi kukaza. Kumkanda mafuta hakuna ubaya. Kumvuta viungo kwa nguvu ili anyooke kuna ubaya mkubwa: msuli unaokaza ukivutwa kwa ghafla hukaza zaidi, na mifupa ya mtoto asiyesimama ni myepesi kuvunjika. Vuta polepole sana, shikilia ukihesabu hadi 30, achia polepole.

Kukaa, mweke kwenye kona ya nyumba, kuta mbili zimshike mabega, au kwenye beseni lenye nguo pembeni, au uchimbe kishimo kwenye mchanga kinachofika kiunoni. Weka kitu mbele yake akitamani. Ukifika kituoni mwombe fundi wa viti akupe vipimo vya kiti cha mwanao, kisha fundi seremala wa kijijini kwenu anaweza kukitengeneza cha pili cha nyumbani. Kituo kizuri kitakufundisha hata kutengeneza kiti kwa makaratasi na maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga. Kinabeba mtoto bila wasiwasi, ili mradi kisinyeshewe.

Kuhusu kombe na dua, mimi si mtu wa kukukataza dua, ningeanzaje? Kombe lisomwe, dua iombwe, na dawa za degedege ziendelee. Dawa hizo zikikatizwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, nyingine haikatiki, na ubongo unaumia kwa mara ya pili. Upande wa pili wanayo shida hiyohiyo kwa sura nyingine: nimewauguza Wakristo waliotupa magongo jukwaani kwenye maombezi wakarudishwa Jumatatu wamevunjika paja.

Pesa. Vituo vya dini huishi kwa michango ya wafadhili na ada ndogo, na ada hubadilika, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kiasi, kama chakula cha mama kimo, na kama kuna malipo ya kiti au viatu. Huna uwezo, pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla ya safari upate barua. Dawa na huduma za mtoto wa chini ya miaka mitano zilizopo hospitali ya serikali, chukulia huko. Shamba la alizeti halina kikwazo kikubwa ukichagua wiki baada ya palizi. Hao wawili wengine mwachie huyo mama mkwe, nasema kwa utani, lakini akikosa nafasi ya kumfanyia mjukuu kombe atapata kazi nyingine.

Wiki mbili hazitoshi, usidanganywe. Utarudi baada ya miezi mitatu wakuangalie umefikia wapi, wakubadilishie zoezi. Uliza kama wana watu wanaotembelea vijiji vya huko kwenu au siku ya kliniki Dodoma. Mtindo huo wa kuwafuata watu majumbani ulisambaa baada ya mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi uliofanyika Alma-Ata mwaka 1978, na kwa mtu wa Kondoa una faida kuliko jengo lolote.

Sasa shemeji. Miezi mitatu, chini ya goti, ndani tu. Kwa kweli huyo ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote kwenye barua yako, na ndiye mnayempoteza haraka. Aliyekatwa chini ya goti, goti likiwa hai, hutembea na mguu bandia kiasi kwamba akivaa suruali humjui. Nimemwona mmoja akirudi kuendesha bodaboda, sikumsifu. Lakini mguu bandia unahitaji vitu viwili: kigutu (kipande cha mguu kilichobaki) chenye umbo na goti linalonyooka. Akikaa kitini kutwa, goti limekunjwa, usiku ameweka mto chini yake kwa kuwa panauma, baada ya miezi goti linabaki na kona, na mguu bandia haukai kwenye goti lenye kona.

Kama kidonda kimefunga, afunge kigutu kwa bandeji ya mpira, kwa mtindo wa kupishana wa namba nane, mkazo uwe mkubwa kwenye ncha na upungue kupanda juu, afungue na kufunga upya mara kadhaa kwa siku. Akiona inafinya kama uzi katikati, ameifunga vibaya. Alale kifudifudi nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Na yale maumivu ya kidole cha mguu ambao haupo, mwambieni si wazimu wala hakurogwa, ubongo bado una ramani ya mguu, na kukipapasa na kukigonga kigutu taratibu husaidia wengi.

Kituo cha masista kikiwa na karakana ya viungo bandia, aende na ninyi kwa basi hilohilo. Kikiwa hakina, watampa rufaa. KCMC pale Moshi, hospitali iliyoanza 1971 chini ya wakfu wa makanisa, ndipo kilipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na mafundi wengi utakaowakuta katika vituo vya ukanda huu wamepita hapo. Basi la Dodoma kwenda Arusha linapita hapohapo kwenu. Aulize mapema bei ya mguu na bei ya kuubadilisha, kwa sababu huchakaa, na kigutu hupungua mwaka wa kwanza mguu ukaanza kupwaya. Akishasimama, halmashauri yenu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Aende mwenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii, asitume mtu.

Basi mwende wanne: wewe, mumeo kwa zile siku mbili za mwanzo, mtoto na shemeji. Chukua kadi ya kliniki, karatasi zote za hospitali, dawa za degedege za mwezi mzima, kikombe na kijiko anachokizoea, kanga mbili za kubebea. Na shemeji aondoe mto chini ya goti kuanzia usiku wa leo.